Kamera ya Mianga Mingi Huona Wino, Haioni Nia

Mazungumzo ya ofisi ya uhusiano ya polisi katika baraza la wananchi na polisi, Mutukula



Katika baraza lililopita mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukutaka kulijibu kwa haraka. Aliuliza kama ni kweli kwamba polisi wanaletewa kamera ndogo, yenye kutosha kiganjani, inayoitambua hati ya uongo kwa kuitazama tu, na inayomwona mtu ndani ya nguo zake. Baadhi yenu mlicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana swali hilo lina sehemu mbili na kila sehemu ina ukweli ndani yake. Leo tumekuja na jibu. Hatukuja kutangaza kwamba kifaa hicho kimefika kituoni kwetu, hakijafika. Tumekuja kwa kuwa kamera za namna hiyo zipo duniani na zinazidi kuwa ndogo, na siku zitakapofika mpakani, uwe upande huu au ule, ni heri zimkute mwananchi anayefahamu zinaloweza kulisema na zisiloweza.

Tuanze na jicho letu wenyewe. Jicho la mwanadamu lina vipokezi vya rangi vya aina tatu tu. Huuona mwanga wenye mawimbi ya urefu wa kuanzia nanomita 400 hivi, ambao ni urujuani, hadi 700 hivi, ambao ni mwekundu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Kamera ya simu imeundwa kuliiga jicho hilo: huugawa mwanga katika mafungu matatu, jekundu, kijani na buluu, basi. Kamera ya mianga mingi huugawa mwanga huohuo katika mafungu manne, au 16, au 25, na baadhi ya mafungu hayo yako nje ya uwezo wa jicho, katika mwanga uitwao infraredi, uliopita mwekundu.

Msidhani mwanga huo ni jambo la maabara pekee. Mko nao nyumbani. Ielekezeni ncha ya rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha bonyezeni. Jicho halitaona kitu, lakini kwenye kioo cha simu mtaona kitone cha mwanga kikimetameta. Huo ni infraredi. Simu nyingine zina kichujio kinachouzuia, hivyo asiyeona kitu asiende kuitupa rimoti yake.

Sasa, kwa nini polisi wajishughulishe na mwanga usioonekana? Kwa sababu vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutofautiana kabisa katika mwanga mwingine. Chukueni kalamu mbili za wino wa buluu kutoka maduka mawili, mwandike nazo katika karatasi moja. Macho yetu yatasema wino ni mmoja. Chini ya infraredi, huenda maandishi ya kalamu moja yakabaki meusi na ya nyingine yakatoweka kana kwamba hayakuandikwa kamwe, kwa kuwa wino nyingi za kalamu za kawaida hupitisha mwanga huo, ilhali penseli na wino wa mashine ya kuchapia, vyenye kaboni, huufyonza. Mtu aliyeigeuza 1 kuwa 4 katika mkataba wa kibanja, kwa kuongeza mistari miwili ya kalamu nyingine, hujikuta mistari yake miwili imeondoka na 1 imebaki peke yake, imesimama pale ilipowekwa siku ya kwanza. Wachunguzi wa hati duniani wameutumia ujuzi huu kwa miaka mingi, kwa mashine kubwa zinazokaa mezani maabara.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi si wa polisi, na umetoka katika nchi jirani. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Maniema, Kongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akawa anaandika habari zake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliouunda kutokana na mmea wa huko. Tarehe 15 Julai mwaka huo, wafanyabiashara wa watumwa na watu wao waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni Nyangwe. Waliouawa walikuwa mamia, na wengi wao walikuwa wanawake waliokwenda kuuza na kununua, kama ninyi mliokaa safu hizi za mbele. Livingstone aliyaona, akayaandika.

Wino ule ulififia hata kurasa zikawa hazisomeki. Zilihifadhiwa Uskoti kwa zaidi ya karne, gazeti likionekana na mwandishi akiwa amezama. Ndipo kundi la wataalamu, likiongozwa na Adrian Wisnicki, lilipozipiga picha kurasa hizo chini ya mianga mbalimbali, moja baada ya nyingine, na kuilinganisha mianga hiyo kwa kompyuta hadi maandishi ya gazeti yakafifia na mkono wa Livingstone ukajitokeza. Mwaka 2011 kurasa hizo zilitolewa hadharani. Ikaonekana kwamba yale aliyoyaandika papo hapo, mikono ikiwa bado inatetemeka, hayalingani kila mahali na yale aliyoyanakili baadaye katika daftari lake safi, ambalo wasomi huliita kwa jina la Unyanyembe, karibu na Tabora.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu moja. Kamera ilizirudisha herufi. Haikueleza kwa nini maandishi ya kwanza na ya pili yanatofautiana: kama ni kusahau, kuficha, huruma, au kupanga upya. Hilo wamebaki nalo wanadamu, nao bado wanajadiliana. Tunaomba mlishike hapo, tutalirudia tutakapofika kwenye mikataba yenu.

Kuhusu udogo, ambao ndio kiini cha swali la mama: zamani kamera ya mianga mingi haikuwa kitu cha kubeba. Mwaka 1972 Marekani ilirusha Landsat 1, setilaiti iliyobeba chombo cha kuitazama ardhi kwa mafungu manne ya mwanga. Jani lenye afya hurudisha infraredi kwa wingi, na jani lenye dhiki hurudisha pungufu, mara nyingine kabla mkulima hajaona manjano. Kwa hiyo setilaiti ilisaidia kujua hali ya mashamba. Maabara nazo zilitumia gurudumu la vichujio lililozunguka mbele ya lenzi, picha moja kwa kila kichujio, na kitu kinachopigwa kilipaswa kutulia tuli. Hati hutulia. Mtu aliye foleni, au ndizi iliyo juu ya lori linalotembea, haitulii.

Kilichoifanya kamera iwe ndogo si kioo bora, ni hesabu. Na hapa tunawaomba uvumilivu kidogo, kwa maana ndipo penye jambo.

Kamera ya simu yako yenyewe hufanya hesabu kuliko unavyodhani. Ndani yake kuna kijibamba kinachopokea mwanga, chenye mamilioni ya vituo vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli imefunikwa na kichujio cha rangi moja tu. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Pikseli iliyofunikwa kwa kijani haikuona jekundu wala buluu hata kidogo. Kompyuta huzitazama jirani zake na kukadiria. Maana yake ni kwamba katika picha ya harusi ya binti yako, theluthi mbili ya rangi zote hazikupimwa. Zimekadiriwa kutoka kwa jirani. Na picha ni nzuri, nani amewahi kulalamika?

Kamera ndogo za mianga mingi zimeupeleka mpango huo mbele. Kituo cha utafiti cha imec, huko Leuven, Ubelgiji, kimeunda vijibamba ambamo vichujio vimepandwa moja kwa moja juu ya pikseli kwa mpangilio wa 4 kwa 4, yaani mafungu 16, au 5 kwa 5, yaani mafungu 25. Picha hupigwa mara moja tu, hakuna gurudumu wala kusubiri. Lakini hesabu yake ni hii: penye mafungu 25, kila pikseli imepima fungu moja, na 24 zilizosalia zimekadiriwa. Njia nyingine, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, katika miaka ya 2000, huupitisha mwanga kwenye kibao chenye vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu maalumu, na kuutawanya kwa mche wa kioo hadi rangi na mahali vichanganyike. Kinachonaswa ni kama uji. Macho hayaambui kitu. Kompyuta, ikiujua mpangilio wa vitundu, huuchambua uji huo na kurudisha kila rangi mahali pake.

Akina mama wa duka mnaifahamu hesabu hiyo bila kwenda Duke. Mtoto akirudi akasema kilo mbili za sukari na mche mmoja wa sabuni ni shilingi 13,000, na kesho yake kilo moja na mche mmoja ni shilingi 8,000, mnajua papo hapo kwamba sukari ni 5,000 na sabuni ni 3,000, ingawa hakuna aliyewatajia bei ya kimoja kimoja. Hiyo ni hesabu halali. Sasa tuseme mtoto amenunua vitu vitano na amewaletea jumla mbili tu. Hapo bado mnaweza kukisia, kwa kuwa mnayajua maduka na mnajua chumvi haiwezi kuwa ghali kuliko sukari. Mara nyingi mtapata. Ila siku ambayo duka limefanya jambo lisilo la kawaida, mtakosa, na mtakosa kwa ujasiri mkubwa, kwa sababu mlitegemea mazoea.

Kamera hizi ndivyo zilivyo. Hutegemea mazoea ya dunia, kwamba pikseli jirani hufanana na kwamba rangi hubadilika polepole. Mazoea hayo ni ya kweli kwa shamba, ukuta, au gunia la kahawa. Mstari mwembamba wa kalamu, wenye upana wa pikseli chache tu, ndipo penye shida, kwa kuwa pale jirani hafanani na jirani: hapa wino, hapo karatasi. Kwa maoni yetu basi, kamera ndogo ya mkononi ni chombo kizuri cha kumwambia ofisa, «Tazama tena hapa.» Si chombo cha kumwambia, «Mkamate huyu.» Hati ikitiliwa shaka barabarani, mahali pa kuisoma ni kwa mtaalamu, kwenye maabara ya polisi iliyoko Naguru, kwa mashine inayopima kila fungu la mwanga bila kukisia.

Tena hata kipimo kikiwa sahihi kabisa, maana yake bado haijulikani. Hapa ndipo tunaporudi kwenye mikataba.

Tuseme mzee ameuza kibanja. Wanakijiji wamekaa chini ya mwembe, mwenyekiti wa LC yupo, mihuri ipo, na mwandishi anaandika mipaka kwa kalamu ya buluu. Alipofika mpaka wa magharibi, kalamu ikakauka. Kijana akatoa yake mfukoni, nayo ya buluu, wakaendelea, wakatia saini, wakala, wakaondoka. Baada ya miaka 12 mnunuzi amefariki, na mjane anafukuzwa na mtoto wa muuzaji anayedai kwamba mpaka wa magharibi uliongezwa baadaye. Ukiuweka mkataba huo chini ya infraredi, nusu ya maneno itatoweka. Kamera imesema kweli: wino ni mbili. Lakini asiyefahamu atasema, «Umeghushiwa,» na mjane atapoteza shamba kwa sababu ya kalamu iliyokauka.

Na kinyume chake kipo. Mwongo mwenye subira hutafuta kalamu ya aina ileile. Kamera itasema wino ni moja, na hiyo pia itakuwa kweli, na mkataba utakuwa wa uongo. Tofauti ya wino si kughushi, na kufanana kwa wino si uaminifu.

Wabadilishaji fedha mna ushahidi wa aina hiyo kila wiki. Karatasi ya kawaida ya dukani hutiwa dawa ya kuing'arisha, ndiyo maana noti iliyochapwa kwa mashine ya ofisini hung'aa kwa ubuluu chini ya taa ya zambarau, ilhali noti halali hubaki imefifia, isipokuwa zile alama zilizokusudiwa kung'aa. Lakini noti halali iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga nayo hung'aa, kwa kuwa sabuni hizo zina dawa kama hiyo. Mmewahi kumkatalia mama noti ya namna hiyo mbele za watu? Kabla ya kumwita mwizi, ishikeni, isikieni, tazameni alama ya maji na uzi wa usalama. Fedha ya bandia tuiteni mara moja. Fedha iliyofuliwa, mwelekezeni benki.

Sehemu ya pili ya swali ilikuwa nguo. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Vitambaa vingine vyepesi hupitisha infraredi kuliko vinavyopitisha mwanga wa kawaida. Mwaka 1998 kampuni ya Sony ililazimika kuzibadili kamera zake za video zilizokuwa na uwezo wa kuona gizani, baada ya watu kugundua kwamba, zikitumiwa mchana na kichujio maalumu, ziliweza kuonyesha yaliyo chini ya baadhi ya nguo. Kwa hiyo hatutawaambia kwamba jambo haliwezekani. Tunawaambia kwamba kamera ya kuchunguza hati ina kazi juu ya hati, na kamera ya kuchunguza mazao ina kazi juu ya mazao. Ofisa akiielekeza kwa mwili wa mwanamke foleni, ametoka nje ya kazi yake, na tunataka kuambiwa siku hiyohiyo. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha ya mwaka 2019, na ndugu zetu wa Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtu ni taarifa yake, awe amesimama upande gani wa geti.

Tumalizie kwa yale mnayoweza kuyafanya tangu leo, kamera ije au isije.

Kalamu ikikauka katikati ya mkataba, msiendelee kimya. Andikeni pembeni kwamba kalamu imebadilishwa hapo, na muuzaji, mnunuzi na mashahidi waweke saini zao fupi mahali hapo. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko mashine yoyote tuliyoitaja. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Msiache nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Pigeni mstari hadi ukingoni.

Hifadhini mkataba wenyewe, si nakala peke yake. Nakala ya mashine hugeuza kalamu zote kuwa wino mmoja wa mashine, na hapo hakuna mwanga wowote utakaozitenganisha. Picha ya simu nayo inafaa kwa kumbukumbu, haifai kwa uchunguzi. Na tunawasihi, tukijua kwamba vibanda vingi hapa sokoni vinaishi kwa kazi hiyo, msiutie plastiki mkataba wa ardhi. Plastiki hurudisha mwanga na huficha alama za mgandamizo wa kalamu ambazo mtaalamu angezisoma. Bahasha kavu na sanduku vinatosha.

Ofisa akiichukua hati yako kwa uchunguzi, dai karatasi ya kuthibitisha kwamba ameichukua, yenye tarehe, jina lake na maelezo ya hati. Uliza inapelekwa wapi. Ukiambiwa, «Kamera imekataa,» una haki ya kuuliza imekataa nini: wino, karatasi, au muhuri? Na kama shauri litafika mahakamani, aliyeichunguza hati anaweza kuitwa na kuhojiwa, kwa kuwa yale ya mtaalamu ni maoni, na hakimu hafungwi nayo. Mjane wetu wa chini ya mwembe atahitaji mashahidi walioiona kalamu ikikauka. Kwa hiyo, wenyeviti, daftari la kijiji lenye majina ya waliohudhuria kila mauziano lisiachwe kuliwa na mchwa.

Wale ambao tayari wana mikataba yenye kalamu mbili, wasiichome wala kuinakili upya. Nendeni kwa mwenyekiti pamoja na mashahidi wangali hai, muandike maelezo tofauti kuhusu siku ile, muyaambatanishe na mkataba bila kuugusa. Ofisa wetu amekaa meza ile yenye kitambaa cha buluu, naye atawaonyesha namna ya kuandika maelezo hayo. Anazungumza Kiswahili na Luganda, na Kihaya kidogo. Ana karatasi za kutosha, na kalamu zake tumezijaribu asubuhi hii.